Mchezo Mgumu Alioutaka Mama

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu na wale watoto wasioijua sura ya shangazi yao ila kwenye picha. Sisi huku hatujambo kwa kadiri ya umri wetu. Cherehani inazunguka, paa halivuji, na magoti yangu bado yanakubali kukunjwa. Mama anakusalimu. Naandika haya nikiwa nimeketi karibu naye, na ameniagiza niziandike salamu zake mara mbili, maana za kwanza, anasema, huwa zinapotelea njiani.

Barua yako ya mwisho nimeisoma nikairudia. Umeniuliza mama ana kinyongo gani nawe. Kwa nini kila ukipiga simu hakai kwenye laini, mara mikono ina unga, mara ina maji, kisha anamkabidhi simu yeyote aliye karibu. Ukasema kama kosa ni kuhama kwako, basi uambiwe wazi uombe radhi, kuliko kununiwa kama mtoto. Sikukujibu upesi kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, ila ni refu, na linapita mahali ambapo hukupategemea: linapita kwenye michezo ya mezani. Mvumilie mdogo wako. Unajua mimi siwezi kukata kitambaa kabla sijakikunjua chote.

Mama alipohamia kwangu baada ya msiba wa baba, kitu kilichomsumbua zaidi kilikuwa mikono. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote hajui aiweke wapi. Nilimpa vifungo avichambue kwa rangi, akavimaliza, akauliza vingine viko wapi. Ndipo siku moja mpangaji wa ghorofa ya juu, mwalimu wa jiografia, mseja wa makamo anayevaa kalamu mbili mfukoni, akaja na suruali ya kupunguzwa pindo. Suruali hata hakuieleza vizuri. Alikuwa anaikodolea macho meza yangu ya kukatia, anaipima kama mtu aliyeona mchumba. Akaniuliza kwa adabu kama Jumamosi alasiri meza ile huwa na kazi. Meza yake mwenyewe, alisema, inatosha sahani na kiwiko kimoja.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumamosi iliyofuata alishuka na boksi dogo kama la viatu vya mtoto, ndani mkiwa na vigae vya karatasi ngumu vya kupandia bustani. Maelezo yake yalikuwa ukurasa mmoja uliokunjwa. Tulihitaji mtu wa nne, tukamshika dereva wa gari la wagonjwa aliyekuwa amefuata shati lake la sare. Huyu tulimbandika jina la Breki, kwa sababu barabarani hakuna anayemfikia, lakini mpe karata mkononi uone: chai itapoa, mchana utageuka, yeye bado anafikiri. Mwalimu naye tukamwita Kifungu, maana hawezi kusema jambo bila kuanza na "kwa mujibu wa kifungu". Mama alishinda siku hiyo ya kwanza, akatuangalia wote watatu kwa huruma.

Haikunishangaza. Wewe mwenyewe unajua tulizaliwa na mtu wa namna gani. Opereta wa simu, enzi zile za kuchomeka nyaya kwenye ubao, aliyezibeba namba za mji mzima kichwani na kuwatambua watu kabla hawajamaliza neno la kwanza. Baba alikuwa akisema ukitaka kumficha mama jambo, usipumue.

Basi, tukanogewa. Lakini ile michezo, kaka, ni kama mtoto wa kambo anayelishwa kwa siri: kila ukigeuka amekua. Boksi la viatu likawa boksi la sanduku, na boksi la sanduku likawa kitu ambacho Kifungu alikipandisha ngazi kwa kupumzika kila ghorofa. Ile karatasi ya kukunja ikawa kitabu cha kanuni, kisha vitabu viwili, kimoja cha kujifunzia na kingine cha kutatulia ugomvi uliosababishwa na kile cha kwanza. Kukawa na karata za vimo vitatu, dadu zenye nyuso nyingi kuliko mwanasiasa, visanamu vya askari vidogo mno hivi kwamba kimoja nilikishona ndani ya mfuko wa koti la mteja bila kujua. Na bei! Boksi moja lingeninunulia cherehani ya mtumba pamoja na meza yake. Tena ukishalinunua unaambiwa kuna nyongeza, yaani mchezo ulioulipia haujakamilika, na ukamilifu wake unauzwa pembeni. Maboksi mengine unayalipia yakiwa bado mchoro tu. Unangoja mwaka, na siku yakifika, ushuru unakuwa umeshatangulia mlangoni.

Mimi nilinung'unika. Breki alinung'unika. Aliyekuwa anamsukuma Kifungu mbele, usishangae, ni mama. Kila tulipoanza kuuzoea mchezo, alikuwa akirudisha kete zake kwenye boksi na kusema: "Huu sasa ni wa watoto, Mwalimu. Lete mgumu." Na Kifungu, ambaye nadhani hakuwahi kusifiwa na mtu mzima tangu aanze kazi, alikuwa anang'aa kama sufuria mpya. Anapanda juu, anaagiza mwingine.

Jumamosi zetu zikageuka kuwa darasa. Kuelezana kanuni kulikula nusu ya alasiri, na kucheza kulikula nusu ya pili pamoja na maelezo yaliyosahaulika. Zamu ya nani? Hizi za bluu zinafanya nini? Tumeshavuna au bado? Kila mtu aliuliza, na Kifungu alifunua kurasa akilowesha kidole. Mama naye aliuliza. Aliuliza hizi za bluu zinafanya nini, akajibiwa, na baada ya kitambo akauliza tena, na hakuna aliyeinua uso, maana Breki alikuwa ametoka kuuliza hilo hilo. Mara nyingine alisubiri nicheze mimi, kisha akafanya vile vile nilivyofanya. Nilidhani ananiiga kwa ujanja. Kuna siku alishinda, na mpaka leo hakuna kati yetu anayeweza kueleza alishindaje.

Breki ndiye aliyechoka wa kwanza. Kifungu alikuwa ametangaza boksi moja kubwa kuliko yote, la falme na misafara, ambalo lingehitaji tuchangie. Breki aliweka karata zake chini na kusema kwamba yeye ana watoto shuleni na mke anayejua kusoma risiti. Kisha akaongeza, bila hasira: "Mchezo ukiwa na ukurasa wa yaliyomo, huo si mchezo tena, ni mtihani. Mimi mitihani nilishaikimbia." Akaniaga, akamwinamia mama, akaondoka. Kifungu alijifanya kupanga visanamu, lakini niliona masikio yake yamekuwa mekundu. Mama alisema tu kwamba boksi litakuja, asiwe na wasiwasi. Sikumwuliza alijuaje.

Likapita kama robo ya mwaka. Tulibaki watatu, tukicheza michezo iliyokuwepo. Halafu ikawa Jumamosi moja Kifungu amebanwa na kusahihisha mitihani, na Breki, ambaye alikuwa na mapumziko, akapita kumjulia mama hali. Alikuja na ubao wa dama chini ya kwapa, ule wa kawaida kabisa, mweusi na mweupe, kete za mbao zilizopauka kwa kushikwa. Alisema ni wa kituoni, huwa wanaucheza wakingoja kuitwa. Akamwambia mama leo hakuna kitabu, leo ni ubabe mtupu.

Kaka, mimi nilifurahi. Nilivuta kiti, nikaacha koti la watu kwenye cherehani likiwa na mkono mmoja. Mama ndiye aliyetufundisha dama, wewe na mimi. Mimi nilimfunga mara moja tu, tena akiwa na homa. Nikajisemea leo Breki ataona kilichomtoa kanga manyoya.

Walipanga kete. Mama alianza vizuri. Alisogeza moja, akasogeza nyingine. Kisha akaichukua kete yake ya kawaida, isiyo kingi na isiyoruhusiwa kurudi, akairudisha nyuma. Nilicheka, nikijua anachokoza. Breki hakucheka. Alicheza yake taratibu, kama vile hakuna kilichotokea. Mama akanyoosha mkono, akaisogeza kete ya Breki. Akasita. Akaangalia upande huu wa ubao, akaangalia upande ule, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeshuka kituo ambacho si chake. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akituuliza nayo kama tumefunga mlango: "Za kwangu ni zipi?"

Breki, ambaye kazi yake ni kuwabeba watu katika saa zao mbaya, alisema joto ni kali, acha yeye akatuchemshie chai, akaingia jikoni kwangu kana kwamba ni kwake. Nilisikia maji yakifunguliwa, na nikajua anayaacha yatiririke makusudi ili asitusikie.

Mama akakunja mikono yake juu ya ubao. Akaniambia nisimwite daktari bado, nikae. Akasema anajua. Alikuwa anajua kabla hajahamia kwangu, tangu uhai wa baba, na baba alikuwa akimfunika: akimkumbusha majina mlangoni, akimshika kiwiko kwenye kona. Baba alipoondoka alibaki peke yake na siri yake. Nilimwuliza, na naogopa nilimwuliza kwa ukali, kwa nini basi alikuwa akimshinikiza Mwalimu alete michezo inayotushinda hata sisi wenye akili zetu. Akanitazama kama mtu anayemweleza mtoto jambo jepesi. "Kwenye ile mikubwa kila mtu anauliza," alisema. "Nikiuliza na mimi, nani atanijua? Humu kwenye dama nipo uchi."

Nilikumbuka zile Jumamosi zote, sisi wanne tumezungukwa na karata, kila mmoja amepotea, tukicheka kwamba tumepotea. Tulikuwa tumepotea kwa muda wa alasiri. Yeye alikuwa amepotea kweli, na alikuwa amepata mahali pekee mjini ambapo hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Sasa nifike kwenye swali lako. Nilimwuliza kuhusu simu zako, na hapo ndipo alipolia, kidogo tu, akijifuta kwa kona ya mtandio. Alisema kuna siku ulipiga, ukamwamkia, na akaisikia sauti ya mwanamume, sauti nzuri, inamwita mama. Akaitafuta ni ya nani. Alisema aliitafuta kama zamani alivyokuwa akipapasa tundu la waya taa zilipozimika, akipapasa safu baada ya safu, na hakuipata. Yeye, aliyemjua meneja wa benki kwa kikohozi! Ukaendelea kuzungumza, na yeye anaitikia tu, mpaka akanipa simu akasema mikono ina unga. Hakukuwa na unga wowote. Siku nyingine anakujua mara moja, lakini hajui ni siku gani itakuwa ipi, na hataki kubahatisha kwako. Maneno yake nakuandikia kama alivyoyasema: "Heri adhani nimemkasirikia kuliko ajue nimempoteza."

Kwa hiyo hana kinyongo, kaka. Hajawahi kuwa nacho. Futa hilo.

Na kuna jambo jingine, hili ameniomba mwenyewe nilieleze, kwa sababu anasema kuungama kwa kinywa cha mwingine ni nusu ya adhabu. Zile fedha ulizotuma mwaka jana anunuliwe kiti cha kuegemea, chenye pa kuwekea miguu, hazikununua kiti. Alimpa Kifungu zote, kwa ajili ya lile boksi la falme na misafara. Alimwambia ni mchango wake na asimwambie mtu. Ndiyo maana hukuona picha ya kiti, na ndiyo maana kila ulipouliza mimi nilijibu fundi bado anatafuta mbao, kwani ndivyo mama alivyoniambia. Alikuwa ameketi kwenye kiti kile kile cha jikoni, akingoja mchezo mgumu kuliko yote umfiche kwa mwaka mmoja zaidi.

Tulimpeleka hospitali Jumatatu iliyofuata, Breki alituendesha, bila king'ora, ingawa mama alimwomba. Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alimpa mama maswali mengi, akamchoresha saa, akamwambia ataje vitu vya sokoni. Kisha akasema ni ugonjwa wa kusahau, ule unaokula polepole, na hauna tiba ya kuuondoa. Kuna dawa inayosaidia kwa kiasi, na kuna watu, ambao alisema wanasaidia zaidi. Akaniuliza kwa nini hatukumleta mapema ikiwa tunaishi nyumba moja. Nilianza kumweleza habari za michezo, nikaona kalamu yake imesimama, nikaacha.

Kifungu nilimwambia mwenyewe, ngazini. Nilikuwa na hasira naye, nikajiandaa kumwambia mengi kuhusu kuchukua fedha za mzee. Hakunipa nafasi. Aliketi pale pale kwenye kipandio, na vitabu vya wanafunzi mapajani, akasema yeye hakujua, na kwamba alimwona mama kuwa mtu mwenye akili kuliko wote aliowahi kucheza nao. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema nusu ya vile vifungu alikuwa akivibuni. Kanuni hata yeye zilikuwa zinamshinda, ila aliogopa tukigundua tutaacha kukutana. Juu kwake ana maboksi mpaka darini, mengine hata karatasi yake ya nailoni haijachanwa, kwa sababu hana wa kucheza naye. Hakuwa akinunua michezo, alisema. Alikuwa akinunua Jumamosi, na kila mwaka Jumamosi zilikuwa zinapanda bei. Hasira yangu sikuiona ilikokwenda. Nilimkaribisha chai.

Siku hizi tunakutana kama zamani, na Breki amerudi. Tunacheza dama. Mama anasogeza kete anakotaka, zake na zetu, na akirudi nyuma Kifungu anatangaza kwa uso mkavu kwamba kwa mujibu wa kifungu kipya ruhusa hiyo ipo kwa wenye umri wake. Mama anajua kabisa anatungiwa. Juzi alimwambia: "Mwalimu, hicho kifungu umekitunga sasa hivi, lakini endelea." Kuna siku ni mwerevu hivyo. Kuna siku ananiita kwa jina la dada yake marehemu, nami naitika.

Lile boksi kubwa lilifika wiki mbili zilizopita. Lilikuja kwa mkokoteni. Kifungu alitaka kumrudishia mama fedha zake, akaapa atazitafuta hata kwa mkopo, mama akakataa. Tulikuwa tunalitazama tu pale mezani, limefungwa, zito kama jeneza la mbuzi, hakuna mwenye moyo wa kulichana. Kifungu akapeleleza, akagundua kwamba watengenezaji wake wameacha kulichapisha, na wale wapenzi wa michezo hii wanaligombania. Ambalo halijafunguliwa linauzwa zaidi ya mara mbili ya bei yake. Huo ndio upuuzi wa biashara hii, na kwa mara ya kwanza ulituangukia upande wetu. Mama alisema liuzwe. Limechukuliwa jana na mtu aliyelibeba kama mtoto mchanga.

Nilimwambia mama sasa kiti kimepatikana. Akasema hataki kiti. Anataka uje. Najua umeshaeleza kuhusu nauli, na wifi ana haki ya kusema kwamba watoto hawali kumbukumbu. Lakini nauli sasa iko kwangu, ndani ya kopo la bobini, na nitaituma mara tu utakaponiambia. Nilipomwonya mama kwamba zile fedha zinatosha safari ya upande mmoja tu, alicheka mpaka akakohoa. Akasema: "Ya kuja inatosha. Ya kurudi atajitafutia mwenyewe."

Basi njoo, kaka. Usingoje likizo ndefu. Kwa sasa, ukipiga simu, anza kwa kusema wewe ni nani, umpe jina lako wazi kabla ya shikamoo, bila kumtega na bila huruma kwenye sauti. Nimemwambia nitakuagiza hivyo, na amekubali. Amesema ndivyo watu waliolelewa vizuri walivyokuwa wakipiga simu.

Msalimie sana wifi, umwambie gauni lake nimelianza na vipimo vyake vya zamani, kama vimebadilika asione haya kusema. Wabusu watoto. Breki na Kifungu wanakusalimu ingawa hawakujui. Mama ameishika kalamu kidogo hapa akitaka kuandika neno, kisha amenirudishia, amesema atakuambia ukifika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba